Ukinipa wastani bila "kutoka hapa mpaka pale", sikupi hela yangu

Ngoja nianze na hela iliyonipotea maana ndiyo iliyonifundisha. Ilikuwa Julai, pale Isyonje kule Mbeya, asubuhi ile ukungu umeshuka mpaka humuoni mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, nina gunia 80 za viazi mviringo za mzee mmoja. Tumekubaliana namlipa kwa kilo, shilingi 700. Mzani tuliokuwa nao ni ule wa kuning'iniza, kila gunia linataka vijana wawili, kamba na matusi kidogo, sasa nani apime gunia 80 kwa baridi ile? Nikawaambia pimeni 10 tu tupate wastani.

Zikaja hivi: 113, 127, 104, 119, 133, 108, 117, 126, 113, 120. (Najua, lumbesa, yaani gunia la kujazia kupita kiasi, imekatazwa, gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wameshasema mpaka basi, ila ukifika shambani unalikuta limeshashonwa na kilemba chake juu, utafanyaje.) Jumlisha gawa kwa 10 unapata 118. Mara 80 ni kilo 9,440. Nikamhesabia mzee hela yake yote palepale, tukapakia, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshapima Fuso ikiwa tupu, kwahiyo tulivyofika mzani wa magari tukapima na mzigo, tofauti inasoma kilo 9,100. Kilo 340 hazipo! Mara 700 hiyo ni 238,000 na mteja analipa kwa mzani, hanijui mimi wala wastani wangu. Nikamshuku mzee, nikawashuku vijana, nikaushuku mpaka mzani wenyewe.

Aliyenituliza ni mpwa wangu, yuko chuo anasoma mambo ya takwimu. Nilimsimulia kwa hasira akacheka. "Mjomba, hujaibiwa. Ulichukua gunia 10 ukazifanya ndo gunia 80." Akageuza risiti ya mafuta akaanza kuandika nyuma.

Kiukweli alichoandika ni kidogo tu. Kwanza kila gunia limeachana na 118 kwa kiasi gani, lile la 104 limepungua 14, lile la 133 limezidi 15, na kadhalika. Unazidisha kila tofauti kwa yenyewe, unajumlisha (ilikuja 722), unagawa kwa 9, siyo 10, moja unaipunguza kwasababu wastani wenyewe umeutoa kwenye gunia hizohizo, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Inakuja kama 9. Hiyo ndo wanaita stendadi devieshoni, yaani kwa kawaida gunia moja linaruka na wastani kwa kilo kama 9 hivi. Lakini wastani wa gunia 10 hauruki sana kama gunia moja, kwahiyo ile 9 unaigawa kwa kipeuo cha pili cha 10, unapata 2.8. Halafu unazidisha kwa 2.26, hiyo ni ya uhakika wa asilimia 95, nitaieleza mbele. Jibu kama 6.4, ndiyo unayoitoa na kuiongeza kwenye 118.

Kwahiyo nilichotakiwa kumwambia mzee siyo 118, ni "kati ya 111.6 na 124.4". Kwa gunia 80 ni kuanzia kilo 8,930 mpaka 9,950 hivi. Angalia sasa, 9,100 yangu ipo ndani kabisa! Hakuna mwizi. Mimi ndo nililipa hela kamili kwa namba ambayo haijakamilika.

Hiyo 2.26 nilimuuliza inatoka wapi maana nilikuwa nakumbuka kuna 1.96 kila mtu anaitaja. Akasema 1.96 ni ya sampuli kubwa, ukiwa na vitu vichache ile devieshoni yenyewe umeikisia kwahiyo lazima ulipe faini kidogo, na faini yenyewe inapungua unavyoongeza gunia, ukiwa na 10 ni 2.26, ukiwa na 25 ni 2.06. Aliyeigundua ni William Gosset, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, akaitoa mwaka 1908 kwa jina la "Student" maana kiwandani hawakutaka watu watoe maandishi kwa majina yao. Nilimpenda huyo mzee ghafla. Bia na viazi, sote tunahangaika na sampuli ndogo.

Sasa hiyo kutoka hapa mpaka pale inaitwa konfidensi intavali na watu wengi wanaielewa kombo, hata mimi mwanzo. Wanaposema asilimia 95 haimaanishi asilimia 95 ya gunia zina uzito huo, angalia tu zangu, 104 na 133 zote ziko nje na hakuna tatizo, kinachotafutwa ni wastani wa gunia zote 80. Ifikirie kama mtego wa fuko kwenye shamba la viazi. Fundi anayetega vizuri, kwa mara 100 atakazotega, fuko atanaswa kama mara 95. Ila mtego huu wa leo ukishafyatuka, fuko ama yumo ama hayumo, hakuna fuko aliyenaswa kwa asilimia 95. Sifa ile ni ya utegaji, siyo ya mtego mmoja.

Basi nikajiona nimeiva. Safari iliyofuata gunia 120, nikapima 25, wastani 121, devieshoni 6, hesabu inanipa kati ya 118.5 na 123.5, safi kabisa, nyembamba, hata nikampigia mpwa kujisifu. Tukalipana kwa 119, nikijiona mjanja kwa kukaa upande wa chini. Mzani wa magari ukatoa wastani wa 113.

Hapo nilikaa chini. Kumbe gunia zote 25 tulizitoa karibu na mlango wa stoo kwasababu ndizo rahisi kubeba, na zile zilijazwa juzi yake na vijana wanaojua kushindilia, za nyuma zilijazwa siku nyingine na watu wengine, kilemba kidogo. Hesabu haikukosea hata kidogo. Hesabu inaangalia bahati tu ya kuokota gunia hili badala ya lile, haijui kama wewe umeokota za mlangoni peke yake. Na kibaya zaidi, ningepima 40 za mlangoni ile intavali ingezidi kuwa nyembamba na ningezidi kujiamini kwenye uongo.

Siku hizi naziandika namba kwa chaki, vikaratasi kwenye kofia, kijana anachomoa. Wananicheka sana. Ikitoka namba ya kule nyuma kabisa ndo kelele zinaanza, "bosi chagua nyingine bwana, hiyo iko chini ya zingine", na hapo ndo usikubali, itolewe.

Kuhusu upime ngapi: ukitaka upana upungue nusu, usidhani utapima mara mbili, ni mara nne. Kutoka 10 kwenda 40. Kwahiyo kuna mahali inabidi useme basi, kilo 3 huku na huku nitazibeba mwenyewe kwenye bei kuliko kuwalipa vijana nusu siku.

Mambo ya asilimia nayo yana vituko vyake. Kuna kikundi cha kina mama Rungwe wanabebesha (wanaunganisha) miche ya parachichi, waliniomba niwasaidie kumwambia mnunuzi miche yao inashika kiasi gani. Tukachagua 40 kwa kofia ileile, 34 ilikuwa hai. Asilimia 85. Fomula ya kawaida ni 0.85 mara 0.15 gawa kwa 40, kipeuo cha pili, mara 1.96, inakupa 11, yaani kutoka 74 mpaka 96. Ila kwa sampuli ndogo na asilimia iliyo karibu na mwisho fomula hiyo inajisifu sana. Kuna ujanja mwepesi walioutoa Agresti na Coull mwaka 1998: jifanye umeona miwili zaidi iliyopona na miwili zaidi iliyokufa, halafu piga hesabu ileile. Inakuwa 36 kwa 44, na intavali inakuja 70 mpaka 93. Mimi natumia hiyo tu.

Na usidanganyike kwamba lazima uhoji asilimia 10 ya watu wote. Ukitaka kukisia asilimia kwa kukosea 5 tu huku na huku, watu 385 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatosha kwa mkoa mzima wa Mbeya wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022. Shida ni hayo maneno "kwa bahati nasibu", siyo 385.

Mama mmoja kwenye kile kikundi alikuwa na miche 30 ya kwake na yote hai, akataka tuandike asilimia 100. Fomula ya kawaida hapo inakwambia 100, kosa sifuri, upuuzi mtupu. Kama hujaona hata mmoja uliokufa, chukua 3 gawa kwa idadi uliyoangalia: 3 kwa 30 ni asilimia 10, yaani wanaokufa wanaweza kufika mpaka hapo na wewe usiwaone. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kwahiyo baba miche yangu mizima unaiua kwenye karatasi?"

Hapana mama, nikamwambia, naandika "90 kwenda juu", na ukitaka iwe 95 kwenda juu niletee mingine 30 kama hiyo tuihesabu. Akaenda kuileta.