Taimingi belti: amua kwa tarehe, usiamue kwa macho

Swali ninaloletewa mara nyingi kuhusu magari ni la aina moja. Mtu anasema fundi amefungua kifuniko, ameutazama mkanda wa taimingi, ameuminya kwa vidole, akasema bado mzima. Je, auache? Nami humuuliza kwanza: ulifungwa lini, na gari lilikuwa na kilomita ngapi? Akikosa jibu, ushauri wangu ni kuubadilisha, hata kama unang'aa. Nimemiliki magari kadhaa yenye mkanda huu, yote nikiyapata yameshatumika, na kila mara nilipokosa ushahidi wa tarehe niliubadilisha kabla ya kulifanyia gari jambo lingine lolote.

Sababu iko ndani ya injini. Mkanda unaunganisha krenkshafti iliyo chini, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti iliyo juu. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na uwiano huo hautakiwi kupotea hata kwa jino moja, maana kamshafti ndiyo inayofungua na kufunga valvu huku pistoni zikipanda na kushuka. Katika injini nyingi, valvu iliyofunguka huingia kwenye nafasi ileile ambayo pistoni huifikia muda mfupi baadaye. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama palepale na baadhi ya valvu zinabaki wazi, lakini pistoni zinaendelea kupanda kwa sababu gari bado liko kwenye mwendo. Valvu zinapinda, na mara nyingine pistoni nayo inaumia. Hapo silinda hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, lazima ishuke, na kazi ambayo ingekuwa ya kubadilisha mkanda tu imekuwa ya kufungua injini.

Zipo injini zilizoachiwa nafasi ya kutosha, ambazo mkanda ukikatika gari linazima tu, unafunga mpya na kuendelea na safari. Toyota 4A-FE na 5S-FE ni za kundi hilo. Injini za dizeli usizitegemee kwa hilo, kwa kuwa mgandamizo wake ni mkubwa na nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni finyu mno. Na uulizapo, uliza kwa alama ya aina ya injini, kama hizo, usiulize kwa jina la gari. Corolla yenye 5A-FE inatumia mkanda, Corolla yenye 1NZ-FE au 1ZZ-FE inatumia cheni. Nimeona watu wakibishana kwa ukali kuhusu "Corolla" kumbe kila mmoja anasema kweli kuhusu injini yake.

Sasa kuhusu lini. Kitabu cha gari kinatoa mipaka miwili, kilomita na miaka, na kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Kwa injini nyingi za Kijapani namba inayojirudia ni kilomita 100,000. Baadhi za zamani ni chini ya hapo, na baadhi za karibuni ni juu yake. Wengi wetu tunaikariri namba ya kilomita na kuusahau ule mpaka wa pili. Subaru, kwa magari yake ya mkanda yaliyouzwa Marekani, iliandika maili 105,000 au miezi 105. Miezi 105 haifiki hata miaka tisa. Kwa hiyo gari la miaka kumi na mbili lenye kilomita 60,000 halina mkanda mpya, hata kama muuzaji anakuonyesha dashibodi kwa furaha. Mpira unazeeka gari likiwa limeegeshwa, na mkanda ukikaa muda mrefu umejikunja mahali pamoja kuzunguka puli ndogo, nao unaumia hapo.

Joto nalo linapunguza umri. Kwa baadhi ya injini zake za V6, Honda imeandika kwamba anayeendesha mara kwa mara kwenye joto la zaidi ya nyuzi 43 abadilishe mkanda kila maili 60,000, kiasi cha kilomita 97,000, asingoje muda wa kawaida. Vumbi, matope na kuvuka maji navyo ni vya kuhesabiwa, hasa kama kifuniko cha plastiki kimepasuka au hakikurudishwa vizuri baada ya matengenezo.

Kuna jambo moja la foleni ambalo huwa nalieleza kwa hesabu. Gari likiwa limesimama linanguruma, injini huzunguka kama mara 750 kwa dakika, yaani mara 45,000 kwa saa. Ukienda kilomita 60 kwa saa injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, saa hiyo ni mizunguko 120,000. Kwa hiyo saa moja ya kusimama foleni inauzungusha mkanda sawa na safari ya kilomita 22 hivi, na dashibodi haiongezi hata kilomita moja. Kama gari lako linakaa foleni asubuhi na jioni, au unaliacha limewashwa kwa ajili ya kiyoyozi, usisubiri kilomita za kitabu zitimie. Mimi hupunguza kama robo.

Baadhi ya Toyota za dizeli, kama Land Cruiser, Prado na Hilux, zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Ikiwaka, watu wanadhani gari limehisi mkanda umechoka. Haihisi chochote. Ni hesabu ya kilomita tu, inayowaka kwenye 100,000 au 150,000 kulingana na modeli, na inarudishwa sifuri kwa mkono. Kwa hiyo taa iliyozimwa haithibitishi kwamba mkanda umebadilishwa. Inathibitisha kwamba kuna mtu aliizima.

Ushahidi mzuri zaidi ni karatasi: risiti yenye tarehe, kilomita na orodha ya spea. Kwa magari yaliyotumika Japani, chungulia pia ndani ya boneti, kwenye kifuniko cha injini au pembeni yake. Gereji za huko hubandika stika ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Mwaka ulioandikwa unaweza kuwa wa kalenda yao ya enzi, kwa hiyo ukiona 20 usidhani ni 2020. Katika enzi ya Heisei, iliyoanza 1989, unajumlisha 1988: Heisei 20 ni 2008. Katika enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, unajumlisha 2018. Kisha linganisha kilomita za kwenye stika na za kwenye dashibodi. Stika ikisema mkanda ulifungwa kwenye kilomita 104,000 na dashibodi inasoma 78,000, umepata habari kubwa kuliko ya mkanda.

Na kuutazama mkanda wenyewe? Kuna faida, ila ni ya upande mmoja. Ukiona meno yamemegeka, kingo zimechanika nyuzi, au mkanda umelowa oili au maji ya rejeta, umepata sababu ya kubadilisha leo. Usipoona kitu, hujapata sababu ya kuuacha. Mikanda ya zamani ya neoprini ilikuwa inapasuka mgongoni, ndiyo maana mafundi wa siku nyingi walizoea kuikunja na kutafuta nyufa. Mikanda ya sasa ya mpira wa HNBR inakaa laini na nyeusi karibu hadi mwisho wake. Kinachobeba nguvu ni nyuzi za kioo zilizofichwa ndani ya mpira, na hizo huchoka kwa kukunjwa mara mamilioni bila kuonyesha chochote juu.

Hili nililiona kwa karibu kwenye gari nililonunua bila kumbukumbu yoyote. Tulipotoa kifuniko, mkanda ulikuwa umenyooka vizuri, hauna ufa, ila maandishi ya mgongoni yalikuwa yamefutika kabisa. Fundi hakunibembeleza. Alitoa beringi ya kuongozea mkanda, akaniwekea mkononi pamoja na ile mpya, akaniambia nizizungushe kwa kidole. Mpya ilizunguka kwa uzito, nusu duara, ikasimama, kwa sababu imejaa grisi. Ya zamani ilizunguka muda mrefu kwa sauti kavu ya kukwaruza, grisi imekwisha. Pembeni ya mkanda, upande wa injini, kulikuwa na unyevunyevu mweusi uliotoka kwenye sili ya kamshafti, mpira unaozuia oili isitoke. Mkanda ungeweza kuendelea kuwa mzima, lakini beringi ile ingekwama siku moja na kuukata. Ndiyo maana siamini ripoti inayosema "mkanda mzima" bila kutaja vilivyouzunguka.

Kwa hiyo ukiamua kubadilisha, badilisha seti: mkanda, tenshena inayoukaza, beringi za kuongozea, sili za kamshafti na ya mbele ya krenkshafti. Pampu ya maji nayo, kama inazungushwa na mkanda huohuo. Shemeji yangu alifunga mkanda peke yake kwa kuwa pampu ilikuwa haivuji siku ile. Baadaye ilianza kuvuja, maji yakaupata mkanda mpya, na kazi yote ikarudiwa kuanzia mwanzo. Sehemu kubwa ya gharama ni kufungua na kufunga, na spea za pembeni ni nyongeza ndogo ukilinganisha na kufungua mara ya pili. Kwenye injini kama Mitsubishi 4G63 yenye shafti za kusawazisha mtetemo, kuna mkanda mdogo wa pili nyuma ya mkubwa. Usikubali uachwe. Ukikatika, unaweza kuingia kwenye mkanda mkubwa na kuuvuruga.

Kuhusu spea, angalia namna zinavyohifadhiwa. Mkanda uliokunjwa kwa nguvu ukafungwa na mpira, au muuzaji anaougeuza ndani nje kukuonyesha meno, usiuchukue, maana nyuzi zile ni za kioo na mkunjo mkali unazivunja. Chukua jina linalojulikana, kama Gates, Dayco, Aisin au Bando, kwa muuzaji unayemwamini, na linganisha idadi ya meno na upana na ule uliotoka.

Siku ya kazi, kaa karibu. Kuna hatua moja ambayo ningekuomba uione kwa macho yako. Baada ya mkanda kufungwa na tenshena kuachiwa, na kabla ya kugusa swichi, fundi aizungushe krenkshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, kwa uelekeo wa kawaida wa injini. Alama za puli ya chini na za kamshafti lazima zirudi mahali pake zote. Zikipishana kwa jino moja, afungue aanze upya. Akisikia ugumu njiani, asilazimishe, maana huenda ni valvu inayogusa pistoni. Fundi anayeiruka hatua hii na kupiga stata moja kwa moja anaijaribu kazi yake kwa injini yako.

Watu hungoja dalili. Mlio mkali wa asubuhi unaotoweka baada ya muda mara nyingi ni fenibelti, mkanda wa nje, na hauhusiani na huu. Dalili zinazonihangaisha ni nyingine: mvumo wa beringi nyuma ya kifuniko unaopanda na mizunguko ya injini, kugonga kama kuna kitu kinapiga plastiki, oili inayochuruzika chini ya kifuniko cha taimingi, au kompyuta kutoa kodi P0016, inayosema krenkshafti na kamshafti hazikubaliani. Ukipata mojawapo, usipange safari ndefu mpaka pafunguliwe. Lakini mikanda mingi hukatika bila kutoa hata moja ya hizi, na ndiyo sababu ninasisitiza tarehe.

Kama injini yako ina mkanda unaofanya kazi ndani ya oili, kama Ford EcoBoost ya lita 1.0 za awali au PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën, kanuni inabadilika kidogo. Oili isiyo ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, au iliyokaa kupita muda wake, inaumumunyua mpira, na vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili. Unaweza kuiharibu injini mkanda ukiwa bado haujakatika. Hapo badilisha oili mapema na kwa kiwango sahihi, na taa ya presha ya oili ikiwaka zima gari hapohapo.

Na likikukuta njiani: gari limezima ghafla, unapiga stata na injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa mgandamizo. Acha stata. Kila jaribio linaweza kupinda valvu iliyokuwa imesalimika. Livutwe hadi gereji, mkanda mpya ufungwe kwa alama, kisha ipimwe presha ya kila silinda kabla ya mtu yeyote kukuambia hedi ishuke au isishuke.

Mkanda mpya ukishafungwa, andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha stika, ubandike ndani ya boneti, na upige picha risiti pamoja na namba za spea. Pembeni andika na tarehe ya kubadilisha tena.