"Freight collect" kwenye hati ya shehena ina maana gani?

Swali: Nimeagiza vipuri vya magari kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kwenye nakala ya hati ya shehena niliyotumiwa kuna maneno "freight collect". Nilielewa kuwa natakiwa kwenda kuuchukua mzigo, lakini wakala wangu wa forodha anasema kuwa ni deni. Je, "freight" si mzigo wenyewe?

Jibu: Ndugu msomaji, wakala wako yuko sahihi. Katika biashara ya meli, shehena yenyewe huitwa "cargo", na "freight" ni ujira wa kuisafirisha shehena hiyo hadi bandari ya kushushia. Neno "collect" hapa linaeleza kwamba ujira huo utatozwa mwisho wa safari, na kwa kawaida anayetozwa ni mpokeaji aliyetajwa kwenye hati. Kama ungekuwa umekwisha kulipwa kule Japani, hati ingesomeka "freight prepaid".

Ulivyoelewa kuna chanzo chake, kwa kuwa Wamarekani hasa huita "freight" bidhaa zozote zinazosafirishwa kwa treni au lori. Katika mikataba ya uchukuzi wa baharini, hata hivyo, maana ya ujira ndiyo inayoshikiliwa, kiasi kwamba kuna deni liitwalo "dead freight", linalodaiwa kwa nafasi iliyokodiwa melini ikabaki tupu, pasipo mzigo wowote kusafirishwa.

Jambo hili lina uzito kwako, kwa sababu kampuni ya meli inaweza kuuzuia mzigo hadi ilipwe, huku gharama za kuuhifadhi bandarini zikiongezeka. Kwa hiyo soma leo mkataba wako wa mauziano. Ikiwa ulinunua kwa masharti ya FOB (bei inayoishia mzigo unapopakiwa melini), ujira wa meli ni juu yako kuulipa na hati haina kasoro. Ikiwa mlikubaliana CFR (bei pamoja na ujira wa meli) au CIF (bei, bima na ujira wa meli), ujira huo umekwishaingizwa katika bei uliyolipa na muuzaji ndiye anayepaswa kuulipa. Mwandikie mara moja, kabla meli haijatia nanga, alipe na kuiagiza kampuni ya meli irekebishe hati.

Kama vipuri vyako havijazi kontena, usishangae kuona ankara isiyolingana na uzito wake. Mizigo ya namna hiyo mara nyingi hutozwa kwa tani ya kilo 1,000 au kwa mita moja ya ujazo, kwa kutegemea kipimo kipi kinaleta kiasi kikubwa zaidi, hivyo kilo 800 zilizochukua mita 2 za ujazo zitahesabiwa kuwa vipimo viwili.

Ankara hiyo uihifadhi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, thamani ya kutozea ushuru hujumuisha bei ya bidhaa, bima na ujira wa meli hadi bandari ya kuingilia, na wakala wako ataihitaji anapoandaa tamko la forodha.