Nilimfundisha msanii kuanika dagaa jukwaani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanika dagaa wa Igombe, Mwanza. Wiki iliyopita mbalamwezi ilikuwa kali, mitumbwi haikutoka, basi mimi na mume wangu tukapanda daladala hadi ukumbi mmoja wa Kirumba kutazama vichekesho vya papo kwa papo. Jukwaani vijana wanne na viti viwili, basi. Mmoja akaomba, "Nipeni kazi yoyote ya mikono!" Nikapaza sauti: "Kuanika dagaa!" Akainama, akaanza kurusha dagaa hewani kama mtu anayepanda mtama. Nikashindwa kuvumilia: "Siyo hivyo, kaka!" Ukumbi kimya. Akanigeukia: "Basi nifundishe, dada." Nikapanda, nikamwonyesha namna ya kutawanya kwa kiganja ili dagaa wasilaliane. Watu walicheka hadi wengine wakasimama. Sasa mume wangu anasema yote yalipangwa, tena eti nimeuanika umaskini wetu mbele za watu. Je, walinicheka? Na ni kweli wale hawafanyi mazoezi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililokuuma. Hukuchekwa. Hebu rudi jukwaani kidogo: nani alikuwa anajua, na nani alikuwa hajui? Kijana ndiye aliyekuwa mwanafunzi, mkono wake unasahihishwa na wako. Mwalimu mmoja mkubwa wa sanaa hii, Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Kanada, aliwafundisha waigizaji kucheza na hadhi: huyu ashuke, yule apande. Msanii mzuri hushuka yeye kwanza, kwa hiari yake, na usiku ule aliyepandishwa ni wewe. Kama angekuvuta kwa nguvu, au angekuiga kwa kejeli ulipokwisha kurudi kitini, ningemlaumu bila kusita. Hakufanya hivyo. Na huo mkono unaojua dagaa wakae wepesi kiasi gani ili jua liwafikie kabla mawingu hayajafunga, mimi siwezi kuuita umaskini, na mumeo namwomba asiuite hivyo tena.

Kuhusu mazoezi, wanafanya, tena sana, ila si ya maneno. Wanazoeza masikio. Mingi ya michezo yao ina asili kwa Viola Spolin, mwanamke wa Chicago, aliyeitunga alipokuwa akifanya kazi na watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Second City, kundi la vichekesho, mjini humo mwaka 1959. Kanuni inayorudiwa kila mahali ni hii: mwenzako akikupa jambo, lipokee, kisha ongeza lako. Uliposema "siyo hivyo," kijana angeweza kubishana nawe, na mchezo ungefia hapo. Akapokea. Hilo lingepangwaje, wakati hakuna aliyejua kwamba mbalamwezi ingemleta mwanika dagaa Kirumba?

Tena sisi Usukumani hili si geni. Nimekulia Kisesa, karibu na Bujora. Siku za Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma ya mwezi wa Juni, makundi mawili, bagika na bagalu, hushindana kwa ngoma, kila kundi upande wake, na wewe mtazamaji unapiga kura kwa miguu: unakoelekea ndiko kwenye ushindi. Nilikuwa mtoto, nimeshika kanga ya mama, upande wetu ukaanza kukimbiwa. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, akamwona bibi mmoja anapita na kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Palepale akamtia kwenye wimbo: mwendo wake, kapu lake, hata ile kanga yake iliyofungwa fundo upande. Bibi akasimama. Akatua kapu taratibu, akaliegemeza kwenye jiwe lisimwagike, akaingia kucheza. Watu walirudi mbio, vumbi likatufunika. Hakuna aliyemuuliza manju kama alipatana na bibi tangu asubuhi.

Mbalamwezi ijayo nendeni tena. Wakiomba neno, mumeo ataje kazi yake yeye, kwa sauti, mara moja tu. Neno la kawaida ndilo linalowasaidia wasanii. Matusi na maneno ya chooni huwafunga mikono. Na mkiitwa jukwaani siku ambayo hamjisikii, tikisa kichwa, inatosha.

SWALI: Shangazi, sisi ni wanachuo watano wa Nyegezi. Tunataka kuanzisha kundi la namna hii lakini hatuna ukumbi wala fedha. Tuanzie wapi?

JIBU: Chini ya mti. Simameni duara, msimulie hadithi moja, kila mtu neno moja tu: "Jana," "mzee," "alivua," "sangara"... Atakayekuja na neno alilolitunga mapema mtamjua, macho yake yatakuwa juu badala ya kumtazama mwenzake, na hadithi itakwama kwake. Rudieni hadi isikwame. Nusu saa kila jioni, mwezi mzima, kabla hamjamwalika mtu yeyote. Kisha niandikieni siku na saa. Nitakuja, na nitakaa safu ya mbele.