Mtandao wa wakulima, AMCOS au umoja wa wafanyabiashara: kikundi cha mbaazi na ngwara kiingie wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima 26 huku King'ori, Arumeru. Tunalima maharage, ngwara na mbaazi, wengi wetu eka mbili au tatu. Msimu huu tumefuatwa na watu watatu. Wa kwanza anataka tujiunge na mtandao wa wakulima. Wa pili, afisa ushirika, anatushauri tusajili AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao pamoja. Wa tatu ni dalali wa mjini, anasema tukilipa ada ya umoja wa wafanyabiashara wa mikunde tutaingia moja kwa moja kwenye soko la India. Wanachama wamechoka michango. Tuanze na kipi? Na je, kuna chombo chochote kinachoweza kutuhakikishia bei?

JIBU: Marahaba katibu. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linalowatoa watu hela mfukoni. Hakuna. Mtu akikuahidi bei ya mbaazi ya msimu ujao, mwombe aiandike na kutia sahihi, uone kama atabaki kwenye kiti.

Bei ya mbaazi haipangwi Arusha. Mbaazi za kanda hii huvunwa zaidi kati ya Agosti na Oktoba, wakati akiba ya India imepungua na mavuno yao mapya bado hayajafika sokoni. Nafasi yetu ni hiyo miezi michache. Nyumbani tunakula kiasi kidogo tu cha tunachovuna, kwa hiyo mnunuzi mkubwa akifunga mlango, mzigo hauna pa kwenda. Ndicho kilichotokea Agosti 2017: wakulima wa India walikuwa wamevuna kupita kiasi, serikali yao ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazotoka nje, na tangazo likatukuta mavuno yakiwa shambani. Zao ambalo miaka miwili nyuma liliuzwa kwa zaidi ya shilingi elfu mbili kwa kilo, likashuka hadi chini ya mia tano. Babati na Karatu wapo walioziacha zikapukutika, kwa kuwa gharama ya vibarua ilizidi bei. Msumbiji waliumia pia, lakini wao walikuwa na makubaliano na India tangu 2016 yanayowatengea kiasi chao. Sisi hatukuwa nayo. Mei 2021 India ilifungua tena, na tangu hapo imekuwa ikiongeza muda wa ruhusa hiyo kipindi baada ya kipindi. Kitu cha kuongezwa muda ni kitu kinachoweza pia kuachwa kiishe.

Nimekurudisha huko ili uone kwamba shida ya 2017 isingetatuliwa na AMCOS hata ingekuwa safi namna gani, na wala mzani wa wizi kijijini hautatatuliwa na mkutano wa Dar es Salaam. Vyombo hivi vina kazi tofauti. Vipo vya kukusemea, vipo vya kukuuzia, na vipo vya kukudhibiti. Ukilipa kimoja ukitegemea kazi ya kingine, utasema vyama vyote ni vya ulaji.

Mtandao wa wakulima ni wa kusema. MVIWATA, ulioanzishwa 1993, na wenzao wa hapa mkoani, MVIWAARUSHA, wanafundisha, wanaunganisha vikundi na kubeba hoja za wakulima wadogo mbele ya halmashauri na wizara. Hawanunui mzigo. Faida yake huioni siku ya kuuza, na ndiyo maana wanachama hunung'unika kulipa. Mimi ningejiunga, ila kwa sababu moja ya wazi: kuna mambo kama lumbesa (gunia linalojazwa kupita kipimo), ushuru na masharti ya soko ambayo watu 26 hawasikilizwi wakiyalalamikia peke yao. Kama mtandao unaowafuata hauwezi kukwambia mwaka jana ulipeleka hoja gani na wapi, subirini kwanza.

AMCOS ndiyo ya kuuza, na hapa nitakaa kidogo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inataka kuanzia watu 20 hadi 30 kwa chama cha wakulima, hivyo kwa idadi mnafaa. Kwa mzigo, hapana. Chukua kila mwanachama avune gunia tatu za mbaazi: ni magunia 78, hayafiki tani nane. Semi moja inabeba karibu tani 30. Chama cha ukubwa huo kitakuwa na mwenyekiti, bodi, ukaguzi wa hesabu, kodi ya ghala na labda karani, vyote vikila kwenye tani nane. Mwaka wa kwanza mtavumilia, wa pili makato yatakuwa makubwa kuliko alichokuwa akiwanyang'anya dalali.

Ushauri wangu, hata kama afisa ushirika hataupenda: ulizieni kwanza AMCOS iliyopo jirani. Ukanda wa Meru una vyama vya kahawa vyenye maghala ambayo kwa miezi mingi ya mwaka hayana kitu. Masharti ya chama yanaweza kurekebishwa kwenye mkutano mkuu ili yaruhusu mazao mengine. Kabla ya kuingia, ombeni taarifa ya ukaguzi ya COASCO, shirika la serikali linalokagua vyama vya ushirika, msome ukurasa wa madeni. Wakikataa kuionyesha, mmekwisha kupata jibu. Kama viongozi wenu hawajazoea kusoma hesabu hizo, Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, si mbali, na kufundisha watu wa ushirika ndiyo kazi yake ya msingi.

Kuna sababu nyingine ya kuijali AMCOS: mbaazi, dengu na choroko zimeingizwa kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani na mnada wa Soko la Bidhaa, TMX, katika mikoa kadhaa. Mzigo unapimwa ghalani, unapewa stakabadhi, wanunuzi wanashindana bei, malipo yanafuata baada ya mnada. Manyara kuna waliousifu na waliougombea mfumo huu, na kila upande una hoja: ushindani wa wanunuzi ni wa kweli, na kusubiri hela huku ada ya shule inadaiwa ni kweli pia. Muulize afisa kilimo kama kata yenu imo, kisha mtake orodha ya makato yote kwa shilingi kwa kilo, kwa maandishi. Usikubali lugha ya asilimia.

Umoja wa wafanyabiashara sasa. Duniani kuna Global Pulse Confederation, Mumbai kuna India Pulses and Grains Association. Ni vyombo halali na vina kazi: kukutanisha wauzaji na waagizaji, kupashana habari za mavuno na sera, kusukuma serikali juu ya ushuru na ukomo. Wanachama wake ni wasafirishaji, waagizaji, wenye viwanda na madalali wakubwa. Kikundi cha tani nane kikilipa ada huko kinamchangia mnunuzi wake gharama za ofisi. Hakuna kadi ya uanachama inayopakia kontena.

Wakulima wa Kanada wanalipia chombo chao, tena kwa lazima. Saskatchewan Pulse Growers hupata pesa kwa makato ya kisheria, chini ya asilimia moja ya mauzo, yanayokatwa mkulima anapouza dengu au njegere zake. Wakurugenzi wanachaguliwa na wakulima wenyewe, na sehemu kubwa ya pesa huenda kwenye utafiti na mbegu. Sisi kwenye mikunde hatuna makato ya namna hiyo. Mbegu zetu za maharage, kama Lyamungu 90 na Selian 97, zimetokana na utafiti wa serikali na wafadhili, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian kiko hapa hapa Arusha. Nendeni mkaulize mbegu. Hakuna ada ya uanachama.

Vya kudhibiti nitavipitia haraka kwa kuwa havina kujiunga. COPRA ni mdhibiti wa nafaka na mazao mchanganyiko. Msiichanganye na CPB, ambayo ni bodi ya serikali inayonunua na kusindika. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yake yakiwa Arusha, hutoa cheti cha afya ya mimea kwa mzigo unaovuka mpaka. TAHA, nayo ya hapa Arusha tangu 2004, si mdhibiti bali ni chama cha wadau wa mboga, matunda na maua: ukilima maharage machanga ya kuuza nje ni mlango wako, ukilima maharage makavu siyo.

Dalali wenu amesahau jambo moja: ngwara haiendi India, inaliwa Kenya, ambako huiita njahi, na inapita Namanga. Pale mnahitaji cheti cha TPHPA na, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, cheti cha uasili (kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani) kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho hutolewa mpakani. Kwa kikundi chenu, ngwara ndiyo ningeanza nayo kuuza pamoja, kwa sababu kiasi kidogo kinatosha kujaza gari dogo.

Msimu huu msisajili chochote. Nunueni mzani wa pamoja, pelekeni kwa Wakala wa Vipimo uhakikiwe, na muuze kwa kilo badala ya gunia. Pimeni unyevu kwa chumvi kavu ndani ya chupa kavu: tikisa na punje, chumvi ikiganda kwenye kuta, rudisha mzigo juani. Hifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili bungua wasiwaharakishe kuuza. Kisha mwandike nani ameleta kilo ngapi. Daftari hilo ndilo AMCOS yoyote itakalotaka kuliona kabla ya kuwapokea.

Na dalali akirudi, mwambieni ada yake aikate kwenye malipo ya mzigo wa kwanza utakaofika India.