Marudio yanasoma vizuri ila tenki halitoi: angalia kwanza dhahabu imekaa wapi

Mkuu uliyeuliza, swali lako nimelirudia mara mbili maana ni kama unasimulia mwaka wangu wa kwanza. Unasema marudio yako (ule mchanga wa mawe uliokwisha kuoshwa dhahabu mara ya kwanza) yanasoma gramu 4 za dhahabu kwa tani, ukishayapitisha kwenye tenki la vati, lile maji ya dawa yanashuka taratibu katikati ya mchanga, unapata chini ya nusu, na kuna mtu kakwambia ongeza sianidi, ile sumu inayoyeyusha dhahabu. Usiongeze. Yaani kabla hujanunua hata kopo moja, jua kwanza hiyo dhahabu inayobaki imejificha wapi, na hilo unaliona kwa hadubini.

Mi nachenjua upande wa Chunya, mawe yetu mengi ni kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, yenye pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa njano. Tenki langu la kwanza mzigo uliingia na gramu 4.1 ukatoka na 2.3. Nikaongeza sianidi, nikapandisha chokaa pH ikasimama 10.5, nikaacha siku zaidi, kaboni, ule mkaa unaonasa dhahabu iliyoyeyuka, ikabeba kile kile. Kila wiki napeleka sampuli maabara na kila wiki najibiwa gramu ngapi zipo, na hapo ndo wengi tunapokwama, kipimo cha tanuri, kile maabara wanachoyeyusha sampuli kwa moto, kinakwambia dhahabu ni kiasi gani, hakikwambii kwa nini haitoki.

Mjiolojia mmoja aliyekuja kwa shughuli zake akaniambia nimpe mchanga uliokwisha kutoka kwenye tenki, sio ule wa kuingia. Tukaupitisha kwenye chekeche tatu, maikroni 150, 106 na 75 (unywele wa mtu ni kama maikroni 70 hivi, upate picha), kila fungu tukalipima peke yake. Dhahabu nyingi iliyobaki ilikuwa kwenye mchanga mkubwa. Halafu hapa sikiliza vizuri, kila fungu tukaliosha kwanza kwa karai mpaka ukabaki ule mweusi mzito, kwa sababu gramu 4 kwa tani ni sehemu nne tu katika milioni, ukichota mchanga wowote ukauweka kwenye hadubini unaweza kukaa kutwa nzima usione punje hata moja ukasema mashine mbovu.

Ule mzito anauchanganya na gundi inayoganda, unakuwa kama kizibo kinene cha chupa, anausugua kwa msasa laini zaidi na zaidi mpaka uso unang'aa kama kioo. Ukichungulia, mwanga unatoka juu unagonga unarudi. Pairaiti inaonekana ya njano iliyopauka na ina vishimo vishimo kwa sababu ni ngumu haisuguliki vizuri. Dhahabu huwezi kuikosea ukishaiona mara moja, inawaka njano kuliko kila kitu na ina mikwaruzo kwa ulaini wake. Niliona punje ya pairaiti moja ina vidoa vitatu vya dhahabu katikati kabisa kama kokwa ndani ya embe, hakuna ufa wa kufikia. Sianidi inayeyusha inachokigusa, pale ingegusa nini? Punje ya pembeni yake ilikuwa na dhahabu kwenye ufa, ila upande wa nje ufa umeanza kuwa mtupu, maana yake huko sianidi iliingia ikala ikatoka.

Basi nikajua dawa ni kusaga zaidi, na hapo nikafanya kosa ambalo nakuomba usilifanye. Nilirudisha mzigo wote kwenye karasha nikausaga kuwa unga, nikaujaza kwenye vati, tenki likaziba. Wiki tatu maji yamesimama juu hayashuki, maana vati inataka mchanga unaopitisha maji. Hasara ile ilinichukua msimu mzima kuilipa. Kilichokuja kusaidia ni kutenga ile pairaiti nzito kwenye meza ya kutikisa, ikawa sehemu ndogo tu ya mzigo, hiyo peke yake ndo nikaisaga laini chini ya maikroni 75 nikaiweka kwenye tenki dogo la kukoroga lenye kupuliziwa hewa. Mchanga uliobaki ukaendelea na vati kama kawaida. Ukijumlisha vyote viwili, kinachobaki sasa hivi huwa chini ya gramu 1.

Ila sio kila mzigo utakuwa kama wangu, ndo maana nasisitiza uangalie wako. Wakikukuta na asenopairaiti, ndugu ya pairaiti yenye aseniki, ile nyeupe nyeupe, na dhahabu haionekani hata kwa hadubini ya elektroni wakati kipimo kinasema ipo, ujue inaweza kuwa imeyeyukia ndani ya madini yenyewe, hapo kusaga ni kuchoma dizeli bure. Wenzetu wa mgodi wa Fairview kule Barberton, Afrika Kusini, mzigo wa namna hiyo wanawapa bakteria wayale hayo madini mpaka dhahabu ifunguke, toka 1986. Na tafadhali mtu asikudanganye uuchome mwenyewe kwenye tanuri la kienyeji, moshi wake una aseniki, unaua wewe na majirani.

Jamaa yangu wa upande wa Mpanda yeye shida yake ilikuwa shaba. Ile ya kijani, malakaiti, inakunywa sianidi balaa, wakati kalkopairaiti, ile shaba iliyoshikana na chuma na salfa, inakunywa kidogo sana, na kipimo cha kawaida cha shaba kinazisoma zote ni shaba tu. Hadubini ndo ilimtenganishia.

Kitu kingine, kama marudio yako yametoka mwaloni, pale wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu kwa zebaki, mwambie anayekupimia atafute vipunje vyeupe kama fedha vilivyong'ang'ania dhahabu. Hiyo ni zebaki. Ikiwemo usiuingize mzigo kwenye sianidi kabla ya kuitoa, maana sianidi inaiyeyusha zebaki nayo ikishavuja inasafiri na maji mpaka visimani.

Kwa kupeleka, GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma wana maabara, na idara za jiolojia vyuoni waulize pia. Chota toka sehemu kumi na zaidi za tenki, juu mpaka chini, uchanganye, ugawe robo robo, usichukue ndoo moja ya juu. Majibu yakitoka yaweke hapa tuyasome pamoja.