Penseli inapendeza, ukitia wino katuni inakufa: jibu langu refu

Mkuu mleta uzi, umesema katuni zako zinapendeza zikiwa kwenye penseli, ukishapitisha wino zinakakamaa, na umetaka tukutajie kalamu ya kununua. Wadau waliotangulia wamekutajia, na walizotaja ni kalamu nzuri. Mimi nasoma sanaa za ufundi na vibonzo ndiyo kazi inayonikesha, kwa hiyo niruhusu nipingane kidogo na swali lenyewe. Naona tatizo lako liko kwenye penseli: unaimaliza mno. Ukishachora kila kope na kila mkunjo wa shati kwa penseli, wino unabaki hauna kazi ila kufuata. Mkono unaofuata mstari uliokwisha kuwepo huenda polepole na kusitasita, na kusitasita kule kunabaki kwenye karatasi. Msomaji hatajua kukuambia kasoro iko wapi, atageuza ukurasa tu.

Nitaeleza kwa ukurasa ninaoushughulikia sasa. Kariakoo, saa sita mchana, kituo cha daladala. Konda ananing'inia mlangoni, mama mwenye ndoo ya samaki anabishana naye nauli, na ndani abiria wamejazana.

Kazi ya wino inaanza kabla ya penseli. Nachukua kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, nachora ukurasa mzima humo kwa maka peni nene, mara kadhaa, haraka haraka. Maka peni haikupi nafasi ya kuchora pua wala vifungo. Inakulazimisha uamue jambo moja tu, weusi unakaa wapi. Kwenye ukurasa huu ndani ya daladala nimepafanya peusi pote, abiria wanaonekana kwa macho na meno na ukingo wa bega hapa na pale, na konda anasimama mbele ya ule weusi akiwa mweupe wa karatasi. Nikikitazama kichoro kwa macho nusu-kufumba, konda anatangulia, kisha ndoo, kisha mama. Huo ndio mpangilio ninaoutaka. Kichoro kisiposomeka kikiwa kidogo vile, kikikuzwa hakitasomeka pia, hata utie wino kwa kalamu ya dhahabu.

Halafu maneno. Hapa vitabu vya wenzetu havitusaidii sana kwa sababu lugha zao zina maneno mafupi. Sisi mama akisema "Hatujakubaliana hivyo" tayari kiputo cha maneno kimejaa, na neno moja limechukua mstari mzima. Kwa hiyo naandika maneno kwanza, kwa penseli, kwa mistari ya rula, ndipo nachora watu kwenye nafasi iliyobaki. Anayeanza kusema anakaa kushoto na juu, maana tunasoma kutoka kushoto. Ukichora watu kwanza utajikuta unabana kiputo juu ya kichwa cha mtu, au unakata neno mahali pabaya. Likilazimika kukatwa, likate kwenye silabi: "hatujaku-" juu, "baliana" chini.

Kuna jambo dogo la daladala ambalo watu huliruka. Huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria uko ubavu wa kushoto wa gari. Ukisimama kando ya barabara ukiutazama mlango, pua ya gari inaelekea mkono wako wa kushoto. Yaani kwenye fremu gari linakwenda kinyume na jicho la msomaji. Ukiona vibaya ukageuza mchoro, mlango unahamia ubavu usio wake na kila mtu wa Dar atakucheka. Mimi nimeuacha ule ukinzani kwa makusudi. Ni ukurasa wa ugomvi, gari likisukumana na macho ya msomaji inanifaa.

Sasa penseli. Nachora kwenye A3 kwa kitabu kitakachochapwa A4, maana mchoro ukipunguzwa unakaza na mitetemo midogo ya mkono inapotea. Wachoraji wengi hufanya hivyo. Marekani karatasi yao ya kawaida ni inchi 11 kwa 17, Wajapani wanatumia B4. Ila piga hesabu ya mstari: kutoka A3 kwenda A4 ni kama asilimia 71, kwa hiyo mstari wa milimita 0.2 unabaki 0.14, na kwenye karatasi ya gazeti huo unaweza kukatikakatika au kupotea kabisa. Jarida la Sani na magazeti mengine ya vibonzo yalichapwa kwenye karatasi dhaifu, na mistari iliyodumu pale ni ile minene.

Natumia penseli ya bluu hafifu. Zamani kamera za matbaa zilikuwa na filamu isiyotofautisha bluu hafifu na weupe wa karatasi, mchoraji hakuhitaji hata kufuta. Siku hizi ukiskani kwa rangi unaweza kubakiza chaneli ya bluu peke yake, na penseli inafifia hadi haionekani. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba sifuti sana. Kifutio huufifisha wino, hasa kama haujakauka sawasawa, na weusi unageuka kijivu.

Nyuso na mikono nazimaliza kwa penseli, kwa sababu pale milimita moja inabadilisha hasira kuwa mshangao. Nywele, mikunjo ya nguo, umati wa nyuma, matawi ya mwarobaini, hivyo naviacha kwa alama tu. Sehemu itakayokuwa nyeusi naiwekea herufi x ndogo katikati, siipaki penseli. Desturi hiyo inatoka kwenye studio za Marekani ambako wa penseli ni mmoja na wa wino ni mwingine, na x ndiyo njia ya kumwambia mwenzako "jaza hapa". Mimi ninayefanya kazi zote mbili bado inanifaa, kwa sababu nikifika pale kwa brashi sina cha kufuata. Nachora.

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inakunywa wino na mstari unaota ndevu. Manila upande laini inaweza kufaa, ila zinatofautiana, kwa hiyo nunua moja, piga mstari, utazame kwa karibu kabla hujachukua nyingine. Kalamu za ncha nyembamba kama Pigma Micron ni salama kwa anayeanza, wino wake ukikauka hausambai hata ukipata maji. Angalia tu kwamba namba yake si kipimo cha milimita: 01 ni 0.25, 05 ni 0.45. Kasoro yake ni kwamba mstari hautanuki unapokandamiza. Nibu, ile ncha ya chuma ya kuchovya, na brashi mstari wake unatanuka, na uhai wa mstari uko hapo. Nibu mpya ina mafuta ya kiwandani, ioshe kwa sabuni la sivyo wino utaikimbia. Ichovye isizidi kile kitundu chake. Wino wa India, ule mweusi wa kuchorea, mara nyingi una gundi ya sheli (shellac), usiutie kamwe kwenye kalamu ya kawaida ya kujaza wino, na brashi ioshe kabla haujapanda hadi kwenye shingo ya bati. Na feni isikupige moja kwa moja, inakausha nibu kabla hujafika kwenye karatasi. Joto la Dar nalijua, lakini ielekeze mgongoni. Chini ya kiganja weka karatasi safi, kwa sababu jasho linaacha mafuta na wino unakataa kushika hapo.

Kutia wino naanza na nyuso. Mkono ukiwa bado haujachoka, na nyuso zikiharibika sijapoteza kazi kubwa. Mstari mrefu nauvuta kuelekea kwangu, na mwendo unatoka kwenye kiwiko au begani, vidole vimetulia. Karatasi naizungusha, mwili sipindi. Nibu ukiisukuma mbele inakwama kwenye nyuzi za karatasi na kutema wino. Kwa mistari ya rula, kama paa la daladala na madirisha, nabandika sarafu mbili chini ya rula kwa gundi ya karatasi. Rula inainuka kidogo, ukingo wake haugusi karatasi, na wino hauwezi kupenya chini yake. Wa karibu nawapa mstari mnene, wa mbali mwembamba, na jengo la nyuma kabisa nakatakata mstari wake ili upepo na vumbi viingie.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni jambo tunaloiga bila kufikiri: ngozi yetu. Kwenye karatasi nyeupe na wino mweusi, wachoraji wengi wanaoanza wanamfunika mtu mweusi kwa mistari ya kivuli usoni kote, wakidhani ndiyo namna ya kuonyesha rangi. Matokeo yake uso unakuwa na mikwaruzo, na macho na mdomo vinashindana nayo. Mimi nina njia mbili. Ya kwanza, uso nauacha mweupe wa karatasi na umbile linabeba kazi: pua, midomo, paji la uso, nywele zilizonyolewa kwa mstari safi. Msomaji wa hapa hahitaji kuambiwa konda wa Kariakoo ana rangi gani. Ya pili, natumia weusi mzima na kubakiza mng'ao. Ngozi nyeusi yenye jasho inang'aa kwenye ncha ya pua, kwenye mfupa wa shavu, juu ya nyusi, kwenye bega. Naacha maumbo hayo meupe, mengine yote meusi. Abiria wa ndani nimewafanya hivyo, konda na mama nimewafanya kwa njia ya kwanza. Kuchanganya njia hizo mbili kwa mtu mmoja fremu hii na nyingine fremu ile, bila sababu ya mwanga, kunamfanya aonekane watu wawili.

Ukipenda vivuli vya mistari inayopishana, tazama kazi za mchora vibonzo Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992. Mistari yake inafuata umbile, inazunguka shavu na tumbo. Mistari iliyolala upande mmoja bila kujali umbile inafanya uso uwe bapa.

Jingine ni jua. Vitabu vingi vya kufundishia vinatoka nchi ambazo jua liko chini, kivuli kinalala pembeni kirefu. Dar saa sita mchana, hasa karibu na Machi na Oktoba, jua liko utosini. Kivuli cha mtu ni kidimbwi miguuni pake. Tundu za macho zinajaa weusi, chini ya pua na chini ya mdomo pia, na chini ya gari kuna ukanda mweusi ti. Nilipompa mama kivuli cha namna hiyo, hasira yake ikapanda bila kugusa nyusi zake. Kivuli kirefu cha pembeni kingeifanya iwe saa kumi na moja jioni, na hadithi yangu haiko jioni.

Na khanga ya mama. Ukichora ua kila mahali, khanga inageuka kelele na jicho haliondoki pale. Nachora pindo lote kwa uangalifu kwa sababu ndilo linaloonyesha nguo inavyozunguka mwili. Mji, yaani sehemu ya katikati, nauchora maua machache karibu na mikunjo, kwingine naacha. Jina, yaani maneno ya khanga, silisahau, hata kama mikunjo inaacha herufi chache tu zisomeke, kwa sababu msomaji atajaribu kulisoma. Kwa hiyo liwe na maana, na ikiwezekana limseme konda.

Weusi mkubwa naujaza mwisho, kwa brashi, kwa sababu karatasi ikilowa inajikunja na kuchora juu yake ni taabu. Marekebisho nafanya kwa rangi nyeupe ya maji iliyo nzito. Korekta ya ofisini inaacha uvimbe na nibu inaikwaruza. Kosa likiwa kubwa, chora upya kwenye kipande kingine, bandika juu, skani. Msomaji haoni ubandikaji.

Kuskani: nukta 600 kwa inchi, kisha geuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu, usiache kijivu. Kijivu kikifika matbaa kinageuzwa vidoa na kingo za mistari yako zinakuwa na manyoya.

Kuna mdau ameuliza hapo juu kama tableti inaondoa shida zote hizi. Inaondoa shida ya wino kumwagika, sarafu na korekta. Ile ya kuimaliza penseli inaizidisha, kwa sababu unaweza kukuza mchoro mara kumi na kupitisha mstari wa kope kwa dakika tano, kisha ukafuta na kurudia usiku kucha. Ninapochora kwa tableti nafunga kukuza na siruhusu kurudi nyuma zaidi ya hatua chache.

Wewe mleta uzi jaribu hivi kwa ukurasa wako unaofuata: nyuso na mikono tu kwa penseli kamili, mengine alama na x. Weka picha ya penseli na ya wino hapa tuzione zote mbili, na useme itachapwa wapi, maana kama ni gazeti nitakushauri mstari mnene kuliko huu wangu.