Dawa zimeninenepesha, watu wanasema nakula sana

SWALI: Dada mshauri pole na kazi. Mimi naumwa baridi yabisi, tangu mwaka jana nameza prednisolone. Maumivu yamepungua nashukuru Mungu, ila uso umekuwa wa duara, tumbo limetoka, nguo zangu hazinienei. Wifi yangu kila tukikutana ni "we punguza kula", kazini wananiuliza mimba ina miezi mingapi. Nimechoka, nataka niziache hizi dawa. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. La kwanza kabisa, usiziache mwenyewe. Ukinywa prednisolone muda mrefu zile tezi zilizokaa juu ya figo zinalala, hazitengenezi tena kotiso ya kutosha, ile homoni inayoshikilia presha na nguvu za mwili, sasa ukikata ghafla mwili unabaki mtupu, presha inashuka, nguvu zinaisha, mtu anaweza hata kufa. Dozi inashushwa kidogo kidogo na daktari ndo anapanga, kwahiyo nenda umwambie hivyohivyo ulivyoniandikia kwamba mwili unakunyima raha. Umuombe na kipimo cha sukari maana hii dawa inaipandisha.

Halafu huo mwili wala si uvivu. Dawa inaongeza njaa, inashikilia chumvi na maji, na mafuta inayapeleka usoni, nyuma ya shingo na tumboni. Kupunguza chumvi kunasaidia, kutembea pia, na mifupa inafaidika, na dozi ikishuka uso nao mara nyingi unarudi taratibu. Ila ukiona umeongezeka kilo ndani ya siku chache, miguu imevimba na pumzi inakata, hayo ni maji, wahi hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu wifi, mwambie tu "wifi, hizi ni dawa, naomba tuongee mengine". Kazini huna deni la kumweleza mtu ugonjwa wako. Na hilo swali la mimba mimi linaniuma kweli, unajuaje kama unayemuuliza hajapoteza mtoto mwezi uliopita? Watu wanaona mwili wanadhani wameona na sahani, kumbe huyu ana thairoidi iliyolegea, ile tezi ya shingoni, yule anachoma insulini, mwingine anatumia olanzapine, dawa ya ugonjwa wa akili, ndo akili imetulia, mwingine anakesha shifti za usiku na usingizi ukipungua njaa inapanda. Hata njaa yenyewe siyo tabia tu. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni inaitwa leptini, inayoambia ubongo kwamba akiba ya mafuta ipo, na kuna watoto wachache wanaozaliwa bila hiyo, wanakula hawashibi, wakichomwa leptini njaa inatulia na wanapungua. Sasa mtoto kama huyo ungemwita mlafi? Wengi wakisemwa hivyo wanaishia kukwepa hospitali kabisa, wanaogopa hata kupanda kwenye mzani mbele ya nesi.

SWALI: Nimeacha sigara, kitambi kimeanza, washkaji wanasema bora ningeendelea kuvuta. Ni kweli?

JIBU: Hapana kaka, hongera sana. Nikotini inabana njaa na inafanya mwili uchome nguvu zaidi, ukiacha wengi wanaongezeka kwa wastani kilo 4 mpaka 5 mwaka wa kwanza. Moyo na mapafu yako bado vimepata nafuu kubwa kuliko hizo kilo. Mwaka huu linda kuacha sigara kwanza, kitambi utakishughulikia ukishatulia.